Mitungi Iliyofukizwa, na Petroli ya Kabambare

Kutoka Albertville nilipanda treni, nikapanda lori, nikasubiri kivuko cha mto Lualaba mpaka nikasahau nilikuwa naenda wapi. Nilikuwa naenda Kasongo. Sekondari ya mapadri ilikuwa imenipa Kifaransa cha kutosha kulindia masanduku ya wazungu.

Bwana aliyeniajiri kama karani alikuwa akitafuta petroli huko Kabambare. Alitikisa maji ya chemchemi pamoja na benzini, akaiweka benzini hiyo gizani mbele ya taa yake ya zambarau. Iking'aa bluu, kuna mafuta ardhini.

Chupa zake za kuchotea zilivunjika njiani, kwa hiyo niliazima mitungi kwa bibi mmoja Mwislamu wa Kasongo.

Chemchemi ya kwanza tu, benzini ikang'aa. Bwana alimwita kapita, mkuu wa kijiji: nyumba na migomba viondoke, mashine zinakuja.

"Na makaburi, Bwana?"

"Nayo."

Nilipopita Kasongo kurudisha mtungi mmoja, bibi aliunusa, akakunja uso.

"Moshi wangu uko wapi, mwanangu?"

"Moshi gani, bibi?"

"Niliifukiza yote, kwa ubani na magome! Ao ulitaka muzungu anywe maji ya kunuka matope? Watu watasema Kasongo hakuna adabu."

Basi kilichong'aa mbele ya taa hakikuwa mafuta ya ardhini; tulikuwa tumegundua masizi ya bibi. Nilimweleza Bwana. Alicheka hadi machozi.

"Karani, sasa bibi yako ni mhandisi?"

Akazipanga chupa ndogo za kioo cheupe, zenye ile benzini iliyong'aa, kwenye ukingo wa baraza, juani, ili kila mpita njia aone utajiri wa Kabambare.

Wakubwa wake walikuja na amri ya kuhamisha kijiji, ikingoja sahihi tu. Tulifunga madirisha, taa ikawashwa. Chupa zilikaa kimya, rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Jua na hewa vilikuwa vimeula mwanga wote wa masizi. Wakaagiza maji mapya, nikayaleta kwa ndoo. Hayakung'aa hata kidogo. Amri ilirudi mkobani bila sahihi.

Mtu wa kulaumiwa alihitajika, na taa haifukuzwi kazi.

Kapita alinisindikiza hadi barabarani, akicheka.

"Karani, tulifunga mizigo sisi, unaondoka weye!"

Nikapanda lori. Nyuma yetu wanawake walikuwa wakirudisha vyungu ndani ya nyumba, na sikurudi tena.