Kondo la Nyuma la Mtoto wa Bethlehemu

Miaka ya tisini, nilipokuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza huko Rangwe, kuna swali lililonikera sana. Kwetu, mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma huzikwa nyumbani, na hapo ndipo panapoitwa kwao mpaka kufa. Mama aliwahi kunionyesha langu lilipozikwa, nyuma ya jiko, karibu na migomba. Sasa Yesu alizaliwa safarini, katika zizi la watu. Lake lilizikwa wapi?

Katekista wetu, mama mmoja mpole, alikunja uso. "Mwanangu, yule ni Mungu. Mambo hayo hayamhusu."

"Basi hakuzaliwa," nikamjibu, maana nilikuwa na kichwa kigumu. "Alikuja tu kama mgeni."

Nikangoja kiboko. Yeye akatazama nje ya dirisha, kisha akasema polepole, "Alizaliwa. Kwa hiyo lilizikwa. Mahali gani, sijui."

Mpaka leo, tukisali Nasadiki na kufika "akawa mwanadamu", wenzangu huinamisha vichwa kwa heshima. Mimi huinama nikatazama udongo.