Nilivyomuuliza Mjapani Habari ya Mvua

Klabu ya redio shuleni kwetu Nyeri iko na sheria moja rahisi: ukimpata mtu wa mbali, mnatajiana stesheni zenu na kuambiana mnasikizana vizuri kiasi gani. Bila hiyo, mazungumzo hayahesabiwi. Na mimi, mdomo mkubwa, nilikuwa nimeapia bweni zima kwamba nitaipata Japani, la sivyo nitawafulia soksi wiki nzima.

Kwa siku nyingi hewani kulikuwa na mikwaruzo tu. Hata Timau, hapo ng'ambo ya mlima, hatukuisikia. Halafu Jumamosi moja mchana anga ikafunguka. Mzee wa Japani akaitika, sauti safi kama ya mtu aliye hapo mtaa wa Skuta.

Sasa mtoto aliyelelewa vizuri anaanzaje kazi kabla ya salamu? Kwetu hayo ni madharau. Kwa Kiingereza changu cha Kidato cha Tatu nikamuuliza hali yake, nikauliza watu wa nyumbani, nikauliza kama kumenyesha na kama mchele wake shambani unaendelea vizuri.

"Wewe kijana, mwambie unamsikia vipi!" akafoka mwalimu wa fizikia, mwenye leseni ya redio yetu.

"Ngoja kidogo, Mwalimu, bado tuko kwa mchele wake."

Nilipomaliza adabu zangu, mzee alikuwa amezama kwenye mikwaruzo. Niliita mpaka koo likakauka. Wapi!

Jioni nikiwa nimeinamia beseni, jamaa wa kitanda cha juu aliniletea soksi zake za mpira, akauliza kwa upole, "Na ati huko Japani kulinyesha?"

Kulinyesha, bana. Sana.