Mbuzi Aliyewekwa Chawia

Mable alipoolewa Marungu mwaka wa themanini na tisa, jirani wa kwanza kumletea kuni alikuwa Wakesho, ambaye watu wote walimwita Mama Stephen. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mwanawe wa pekee Stephen alikuwa akifanya kazi Mombasa, akionekana Krismasi hadi Krismasi. Kilichomshangaza Mable ni boma la yule mama. Lilikuwa limejaa wanyama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake.

Ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika alikuwa wa mwalimu mmoja wa Voi. Mbuzi wawili weusi walikuwa wa Silvanus, mpwa wa marehemu mumewe. Kondoo walikuwa wa mjane mwenzake wa ng'ambo ya korongo. Na wa kwake je? Ukimuuliza, alikuonyesha kwa kidevu tu: mmoja Kasigau, wawili huko juu Chawia kwa Mzee Gibson, rafiki wa mumewe tangu ujana. Alilelewa hivyo. Babake alimwambia kwamba mtu anayefungia mifugo yake yote katika zizi moja ni mchoyo, na tena hana akili, maana mvua ikikataa au ugonjwa ukiingia, ataamka hana hata ukwato.

Basi huko watu huwekeana mifugo. Unampeleka mnyama wako kwa mtu unayemwamini, penye majani, yeye anamtunza, anakunywa maziwa, na wanaozaliwa anapata fungu lake. Hakuna karatasi wala shahidi. Mnyama akifa, unaletewa ngozi, mnakaa chini, mnasikitika pamoja, yamekwisha. Mable alikulia mjini Voi, babake akiwa karani wa reli, na mambo hayo alikuwa akiyasikia tu kwa bibi yake. Mama Stephen ndiye aliyemfundisha. Kukaa na mnyama wa mtu, alimwambia, ni heshima kubwa kuliko kuwa na wako.

Mradi ulikuja mwaka wa tisini na nne. Ulikuja na gari jeupe, na bango lililosimikwa njia panda, na afisa aliyeitwa Vincent. Kijana huyu hakuwa mgeni hata kidogo. Kwao ni Chawia, na babake, kama mababa wote wa kule, aliwahi kuweka na kuwekewa. Pesa zilitoka ng'ambo. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, tusiwe na chuki: mbuzi wa maziwa wa kigeni, wakubwa, wenye viwele vya kujaza sufuria, wagawiwe akina mama wa kikundi. Atakayepewa atajenga banda lililoinuliwa kwa mbao, atamlisha humo humo, na mtoto jike wa kwanza atamkabidhi anayefuata kwenye orodha. Kila mbuzi alitobolewa sikio akatiwa kibati chenye nambari.

Mama Stephen alipata mbuzi nambari kumi na nne. Anayefuata kwenye orodha alikuwa Mable.

Na Mable alimtaka yule mtoto wa mbuzi kwa moyo wake wote. Binti yake Wanza, aliyepewa jina la nyanya yake Mkamba, alizaliwa kabla ya siku zake, na mpaka anatimiza mwaka wa tatu miguu yake ilikuwa kama vijiti vya kibiriti. Kwenye zahanati walimwambia ampe mtoto maziwa. Maziwa gani? Zephaniah, mumewe, alikata mkonge kwenye shamba la mwajiri asiyelipa kwa wakati, na mwezi ukifika katikati walikuwa wanakunywa chai ya rangi. Mama Stephen alikuwa akimletea kikombe kila asubuhi kutoka kwa yule nambari kumi na nne, aliyekuwa amezaa dume, na kila alipokitua alisema neno lile lile: huyu akizaa jike, nitamleta kwako kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya watu.

Mwaka wa tisini na sita mvua ikakataa. Masika yakapita bila tone. Majani yaliisha, kisha miti ikaanza kukatwa matawi, kisha hata ile mikavu ikawa inagombewa. Mbuzi wa kigeni hawakuumbwa kwa shida hizo. Walisimama mabandani mwao, mbavu nje, wakilia mchana kutwa. Mama Stephen alimtazama wake, ambaye sasa alikuwa na mimba, akakata shauri kama ambavyo babake angekata. Alimfunga kamba akaondoka naye kwa miguu. Siku ya kwanza akalala Mwatate kwa mtoto wa dadake, siku ya pili akapanda milima, akamkabidhi kwa Gibson kule Chawia, ambako ukungu bado ulikuwa unashuka na majani hayajaisha. Hakumwambia mtu wa mradi, kwani hakuona cha kusema. Mtu akimwokoa mnyama, anaomba ruhusa kwa nani?

Mwezi wa Novemba habari ikaja, kupitia mwanamke aliyeteremka na mboga soko la Voi, kwamba nambari kumi na nne amezaa jike. Mama Stephen alikuja kwa Mable akiwa nusu anakimbia, na umri ule wake. Akambeba Wanza juu akamwambia mbuzi wako amezaliwa, wewe kibibi. Mable hakuwahi kumwona akifurahi namna ile, na hakumwona tena.

Ukaguzi ulifanyika Februari. Gari jeupe lilimleta Vincent pamoja na mama mmoja wa Kizungu aliyetoka ofisi ya wafadhili, amechoka, kofia imemlowa jasho. Walizunguka banda kwa banda, kikundi chote kikiwafuata nyuma. Mbuzi watatu walikuwa wamekufa tayari na wengine walikuwa njiani. Walipofika kwa Mama Stephen, banda lilikuwa limefagiliwa safi na ndani hamna kitu. Yule mama wa Kizungu akauliza mbuzi yuko wapi.

Mama Stephen alikuwa anatabasamu. Alidhani anakwenda kusifiwa.

"Yuko Chawia," akasema. "Nimemweka kwa mtu. Mzima, na amezaa jike."

Vincent alisikia vizuri sana. Kusema kweli, katika watu wote waliosimama pale hakuna aliyelielewa neno lile kumshinda. Lakini alikuwa na fomu mkononi, na fomu ilikuwa na visanduku vitatu: mbuzi yuko, mbuzi amekufa, mbuzi ametolewa. Pengine aliona aibu kumweleza mgeni mambo ya mababu. Pengine aliona jua ni kali na bado kuna mabanda tisa. Akageuka akasema kwa Kiingereza kwamba huyu mama amempa mtu mwingine yule mbuzi, na akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu. Habari ya mtoto jike hakuitaja.

Mama Stephen hakujua Kiingereza, wala karibu wote waliokuwa pale hawakukijua. Aliyekijua alikuwa Mable, aliyefika kidato cha pili kabla babake hajaachishwa kazi. Alisikia kila neno. Alisimama hatua mbili kutoka kwa yule mgeni, Wanza akiwa mgongoni, na neno la kusahihisha lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akawaza: nikimbishia afisa mbele ya bosi wake, jina langu litabaki kwenye orodha kweli? Akalimeza. Gari likaondoka kwenda banda lingine, na Mama Stephen, bado anatabasamu, akamuuliza Mable wamesemaje. Mable akasema hakusikia.

Kanuni ya mradi ilikuwa wazi: mbuzi aliyetolewa anachukuliwa na kupewa anayefuata. Wiki ile ile Vincent alipanda Chawia kwa gari. Gibson, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, alisimulia baadaye kwamba kijana alimfungua nambari kumi na nne bila kumtazama usoni, na mtoto wa mbuzi, wa miezi mitatu, akabaki analia kambani. Gibson akamuuliza na huyu je? Vincent alimtazama yule mtoto kwa muda, akasema fomu inasema mmoja, akaingia garini. Huenda hiyo ndiyo huruma pekee aliyoweza kuitoa. Au huenda alichoka tu.

Nambari kumi na nne alishushwa kwa Mable.

Alimpokea. Aliweka sahihi, akashikana mikono na Vincent, akapigwa picha. Mama Stephen alisimama ng'ambo ya ua na hakuna aliyemwambia ajongee. Ilipofika jioni alikuja na fungu la matawi aliyoyatafuta mbali, akayaweka mlangoni, akasema huyu amezoea majani mabichi sasa, umlishe kidogo kidogo. Hakuuliza kitu. Mable alitamani aulize, atukane, afanye lolote, maana kunyamaza kwake kulimuuma kuliko kofi.

Mbuzi aliishi wiki tano. Katika joto lile la Marungu, bila jani, alipunguka siku kwa siku mpaka asubuhi moja hakusimama. Mable alimchuna akilia, akampelekea Mama Stephen ngozi, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya kile alichofundishwa. Mama Stephen aliipokea kwa mikono miwili. Wakakaa chini, wakasikitika pamoja.

Lakini kijiji kilikuwa na lake. Waliosikia kwamba mradi umemnyang'anya mbuzi walijaza wenyewe yaliyobaki, na hata waliokuwepo siku ile wakaliamini neno la afisa kuliko lake: amemuuza, kala pesa, mjane yule kumbe. Hakuna aliyemwambia usoni. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu zote. Mwalimu wa Voi alituma mtu amchukue ng'ombe wake, ati kuna harusi. Silvanus akasema mbuzi wake weusi anataka kuwa nao karibu. Mwenye kondoo hakutoa hata sababu. Mama Stephen alimfungulia kila mmoja mnyama wake, akamsindikiza mpaka njiani, akamtakia safari njema. Kufikia mwezi wa sita boma lake lilikuwa tupu kabisa, na yeye aliendelea kulifagia kila asubuhi. Mable alisikia ufagio ule kutoka jikoni kwake. Neno moja lingetosha kuwarudisha wote, na alilijua, na kila asubuhi aliahirisha.

Mwishoni mwa mwaka mvua zilikuja kwa fujo, zile za El Nino, zikabeba madaraja na barabara. Zilipotulia kidogo, Januari ya tisini na nane, Gibson aliteremka kwa miguu, matope hadi magotini, akiwa na jike wa mbuzi mweupe, yule mtoto wa nambari kumi na nne, sasa amekomaa. Mama Stephen hakumwingiza yule mbuzi hata bomani. Alishika kamba akaenda moja kwa moja kwa Mable.

"Nimekuletea mbuzi wako," akasema. "Nilikuahidi."

Mradi ulikuwa umefungwa tayari, awamu imekwisha, bango limeanguka na mafuriko. Hakuna ambaye angeuliza lolote. Ila Mable alipomtazama yule mbuzi alijiona mwenyewe amesimama hatua mbili kutoka kwa Mzungu, akimeza neno. Asingeweza kumkamua yule mnyama kila siku ya Mungu. Akatafuta la kusema, akapata la hovyo kuliko yote.

"Hana nambari sikioni, Mama Stephen. Watu wakiniuliza, nitasema nimemtoa wapi?"

Mama Stephen akasema haya, akageuza kamba, akarudi njia ile ile, na mbuzi nyuma yake. Mable alisikia tu kwamba Gibson alirudi naye milimani. Hawakuzungumza habari hiyo tena. Vikombe vya asubuhi havikurudi, lakini kila Wanza alipopita, yule mama alimwita ampime miguu kwa kiganja.

Alifariki Agosti ya tisini na tisa, kwa kifua, siku nne tu za kuugua. Stephen alikuja kutoka Mombasa kumzika mamake. Baada ya kaburi kufunikwa, watu wakiwa bado wamekaa uani, alisimama akauliza kama ilivyo desturi: yeyote aliyewekewa kitu na marehemu, au marehemu alikuwa na kitu chake, aseme sasa. Watu wengi walitazama chini. Mzee Gibson akainuka taratibu, akishikilia fimbo yake.

"Niko na mbuzi wawili wa marehemu, wale wa zamani," akasema. "Na niko na watano wengine, yule mweupe na uzao wake, fungu langu nimeshatoa. Hao si wake. Alisema ni wa Mable. Aliniambia niwaweke mpaka atakapokuwa tayari."

Wote wakageuka kumtafuta Mable, aliyekuwa amekaa karibu na banda tupu, Wanza akimwegemea. Alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikabidi walio nyuma wajongee.

"Siku ile alisema amemweka," Mable akasema. "Afisa alimwambia Mzungu kitu kingine. Mimi nilisikia, nilijua Kiingereza. Nikanyamaza, kwa sababu nilimtaka mbuzi."

Silvanus alivua kofia, akaishika mikononi. Gibson akamuuliza kama amletee mbuzi wake watano, au aendelee kukaa nao.