Hatua Arobaini

Kwa miaka kumi na mmoja, ufuko ule wa hifadhi ulipimwa kwa miguu ya mwanamke mmoja. Alikuwa mlinzi wa viota vya kasa. Kila asubuhi alifuata michirizi ya kasa aliyepanda kutaga, akafika kwenye kiota, akageukia bahari na kuhesabu hatua mpaka kwenye mstari wa mwani, pale maji yalipoishia. Zikifika arobaini, mayai aliyaacha, akachomeka kigingi chenye namba na kufunika kwa wavu. Zikipungua, aliyahamishia juu asubuhi ileile, moja moja, bila kuyageuza. Yai la kasa likishalala siku moja halisogezwi tena. Kilichomo kimejishika kwenye ganda, na ukiligeuza umeliua. Watu walimwita Bi Hatua, naye aliitika.

Kaka yake, fundi cherehani, hakuwahi kufika huko. Alisema yeye na mchanga hawaivi chungu kimoja. Siku aliyokuja alileta suruali mbili za sare, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama alivyotoka nayo dukani.

"Kwa hiyo hawa ndio watoto walioninyima dada?" alisema, akichungulia kiota cha tisa. "Hata shikamoo hawana."

"Wamelala. Punguza sauti, kaka."

"Na baba yao?"

"Yuko safari tangu siku ile ile. Hakuacha hata salamu."

Wakacheka. Fundi akamwomba amwonyeshe lile jina alilipataje. Bi Hatua akasimama kwenye kigingi cha tisa, akatembea kuelekea majini, huku akihesabu kwa sauti. Fundi alimtazama kama anavyomtazama mteja anayeelekea kwenye kioo. Kicheko kikamwisha.

"Rudia."

Akarudia.

"Mdogo wangu, lile goti lilipona lini?"

Miezi miwili nyuma aliteleza kwenye ngazi ya kibanda. Alilala siku nne, akarudi kazini. Hakuwa akichechemea.

"Lilipona kitambo."

"Lilipona, lakini halijarudi. Mimi ndiye ninayekukatia suruali tangu uko shule. Najua unavyotanua hatua."

Aliinama, akapima kutoka wayo hadi wayo mchangani. Kisha akaenda mbele ya kibanda, kwenye kijia cha saruji ambacho Bi Hatua alikikanyaga kikiwa kibichi, mwaka wake wa kwanza, na nyayo zikabaki. Akapima na hapo.

"Hapa sentimita sabini na tano. Kule hamsini na nane." Hakumwangalia usoni. "Arobaini zako za sasa ni thelathini na moja za zamani."

Bi Hatua aliingia kibandani. Ukutani palikuwa na jedwali la maji. Leo alasiri, bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Kesho yangezidi ya leo, na ndiyo yangekuwa makubwa kuliko yote ya mwaka. Akampigia simu afisa wa hifadhi.

"Nataka kuhamisha kiota cha tisa."

"Kina siku ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Bi Hatua, kanuni hiyo umenifundisha wewe."

"Najua."

"Sasa unaniuliza nini?"

Alikata simu, akachukua ndoo.

Walijenga ukuta wa mchanga kwa ndoo moja na beseni moja. Fundi alikunja suruali yake nzuri, akachota mpaka mgongo ukamkataa. Kwa muda ukuta ulionekana ukuta kweli. Kisha maji yakaja bila haraka, yakaulamba kwa chini, ukayeyuka kama sukari. Bi Hatua akapiga magoti juu ya wavu, akatandaza mikono, kana kwamba bahari ingemwomba njia. Ikampita katikati ya vidole. Ikazama mchangani kimya kabisa.

"Inuka, dada. Utaumiza goti."

"Wanapumua kupitia mchanga huu huu," alisema. "Sasa watapumua nini?"

Fundi akamshika mkono, akamwinua.

Maji yaliporudi nyuma, kigingi kilikuwa kimeinama na mchanga umelainika kama shuka lililopigwa pasi. Kufukua hakukuruhusiwa mpaka siku ya sitini na tano. Asubuhi arobaini na mbili angepita hapo, asijue anapita kaburini au kitandani.

"Hukufanya makusudi," fundi alisema.

"Mayai hayajui hilo."

Alikuwa ameshaacha kutazama kiota cha tisa. Kando yake vilisimama vigingi vingine vitano, vyote vimechomekwa baada ya kuanguka ngazini, vyote kwa hatua arobaini, na mayai yote yameshalala. Mwani mpya ulikuwa umejipanga mbele ya kigingi cha kumi, na maji makubwa zaidi yalikuwa ya kesho.

Fundi akavua futi shingoni. "Tupime?"

"Tukishapima?"

Aliishika futi bila kuikunjua.

Bi Hatua akachutama. Akaweka mkono mmoja kwenye kigingi, akanyoosha mwingine kuelekea baharini, akagusa mwani. Hakuhitaji hata kuegemea.