Shubiri ya Kang'ata

Wanawake wanaokuja kuniomba miche ya mshubiri hapa nyumbani Kwamndolwa huanza na swali la madoa. Yatatoka? Baada ya muda gani? Mimi nami huanza na langu: unanyonyesha? Wengine hucheka wakidhani nawachimba. Siwachimbi. Akijibu ndiyo, namvutia kigoda akae, maana kabla ya kumpa mche nina maneno ya kumwambia.

Mishubiri yangu, ambayo vijana wanaiita alovera, iko kwenye ndoo za rangi zilizopasuka, nimezipanga ukutani upande wa jua la asubuhi. Kuilima nimejifunza kwa hasara. Ya kwanza niliipanda kwenye udongo mweusi wa bondeni nikaimwagilia kila jioni kama mchicha, ikaoza mizizi na kunuka. Siku hizi nachanganya mchanga wa mto ninaoutoa Old Korogwe na samadi ya mbuzi iliyokauka, natoboa ndoo chini, na sitii maji mpaka nichomeke kidole kwenye udongo kitoke kikavu. Jua la kutwa huyafanya majani yawe mekundu, na kivuli cha kutwa huyafanya marefu na malegevu. Ni mmea usiotaka kubembelezwa, ndiyo maana tunaelewana.

Jani nalikata la chini, lililonenepa. Nalisimamisha kwenye kopo, pale lilipokatwa pakiangalia chini, mpaka utomvu wote wa njano uchuruzike. Kisha naliosha, naondoa ganda, nabaki na ule ute mweupe. Kwanza naupaka kidogo kwenye kiwiko, upande wa ndani, nangoja siku nzima. Usiponiwasha ndipo uende usoni. Madoa yangu yalififia polepole, na sitadanganya kwamba ni jani peke yake. Mengine naamini yaliondoka kwa sababu nilianza kulala usingizi.

Lakini mwaka niliojifungua mwanangu wa kwanza nilikuwa sijui hata moja kati ya hayo, na nilijiona najua yote.

Mimba ile iliniachia madoa meusi mashavuni, kama nimeshikwa uso na mtu aliyetoka kusugua sufuria. Shingoni mpaka kifuani nilikuwa na vipele vya joto. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kioo nilikigeuzia ukutani. Kwenye simu nikaona video ya dada mmoja anayeng'aa, anakata jani la alovera na kujipaka ute wake. Nikacheka. Mmea wenyewe ulikuwa umejaa kwenye ua wa mama yangu mzazi kule Kang'ata, na sisi tuliujua kwa kazi mbili tu: mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukiingia kijijini, kuku wanakatiwa jani lake kwenye maji ya kunywa, na mtoto akifika umri wa kuacha ziwa, mama anajipaka utomvu wake kwenye chuchu. Hakuna aliyewahi kuupeleka usoni.

Nilipokwenda Kang'ata kumwonyesha mama mjukuu, nikarudi Korogwe na mtoto mgongoni na mishubiri mitatu kwenye kiroba.

Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka milimani, Usambara, kuja kunisaidia kulea. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge na anarudi Jumamosi kwa Jumamosi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili na mtoto. Mama mkwe alifungua kiroba, akachungulia.

"Huu wa kuku unaupeleka wapi?"

"Wa usoni, mama."

"Kwani uso umeshikwa na mdondo?"

Nikanuna. Mimi kununa ni haraka, nimeumbwa hivyo. Naye akaongeza kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi zaidi: "Anayenyonyesha hachezi na shubiri, mwanangu."

Nilisubiri asubuhi aliyokwenda sokoni. Yule dada wa kwenye video alisema utomvu wa njano umwagwe. Nilimwona mjinga, anamwaga dawa anabakiza maji. Sisi tumelelewa na mwarobaini na kwinini. Kwetu dawa isiyokunja uso ni juisi, na uchungu ndio nguvu yenyewe. Basi nikalitwanga jani zima, ganda na utomvu wake, nikajipaka mashavuni, shingoni, na kifuani kote palipokuwa na vipele. Likaniwasha. Nikajiambia linafanya kazi.

Mtoto alipoamka nilijifuta kwa kitambaa kibichi nikaona imetosha. Alikuwa na miezi sita. Akafungua kinywa kwa pupa yake ya kila siku, akashika ziwa, akanyonya mara moja, akaacha. Akanitazama. Hakulia mara ile, alinitazama tu, kama mtu aliyepigwa kofi na anayempenda. Kisha midomo ikapinda.

Nikaoga. Nikajaribu tena mchana, akageuza uso. Jioni nikifungua tu kanga, analia mpaka anakauka sauti. Alikuwa na njaa, anatafuna ngumi yake, na maziwa yangu yanalowesha blauzi, lakini hataki hata kusogezwa. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata leba sikuogopa vile.

Mama mkwe aliangalia yote mpaka asubuhi ya pili. Ndipo akauliza, "Una mimba?"

Huku kwetu wazee husema mtoto akikataa ziwa ghafla amemsikia mdogo wake tumboni. Nilijua anafikiria hilo, na nilijua mwanamke anayebeba mimba juu ya mtoto mchanga anavyosemwa. Badala ya kusema ukweli nikapandisha sauti: "Mama, mimi si mbuzi wa kuzaa kila msimu."

Nikambeba mtoto nikaenda naye zahanati, nusu kwa ajili yake, nusu kwa kukimbia macho ya bibi yake. Muuguzi akamwangalia kinywa, masikio, akampima joto na uzito. Hana kidonda, hana homa. Akaniuliza kuna kitu nimejipaka kifuani. "Mafuta ya kawaida tu," nikasema, na harufu ya jani bado ilikuwa kwenye shingo yangu. Akanielekeza nikamue nimpe kwa kikombe na kijiko, nimlaze kifuani ngozi kwa ngozi, nirudi upesi akilegea au akipunguza kukojoa.

Nyumbani nikakamua. Kijiko kimoja kinaingia, viwili vinamwagikia shingoni. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka kando yangu, anachambua maharage, macho yakiwa kwangu.

"Nimewaachisha ziwa watoto watano," akasema, "wote kwa shubiri. Siku ya kwanza mtoto analia. Ya pili anakasirika. Ya tatu ukimpa ziwa anakuangalia kama mgeni, amekwisha sahau. Harudi tena." Akaweka ungo chini. "Huyu wako anafanya hivyo hivyo. Leo ni ya pili. Na wewe hujajipaka kitu." "Au umejipaka?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamtazama mtoto, maziwa yakimkaukia kwenye mikunjo ya shingo, nikasema, "Nimejipaka, mama. Jani lote, na utomvu wake."

Nilingoja aniambie asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alikuwa na haki nayo. Badala yake aliinuka, akaenda nje nilikoiegemeza ile mishubiri, akavunja ncha ya jani, akagusa ulimini. Akatema mara tatu.

"Mh! Huu wa Kang'ata ni mkali kuliko wa kwetu," akasema, na nadhani kulikuwa na heshima kidogo ndani yake. Kisha: "Mficha uchi hazai. Wewe umekwisha zaa, sasa unaficha nini?"

Alinipeleka bafuni kama mwali. Maji ya moto, sabuni ya mche, kitambaa, suuza, tena sabuni. Alinisugua shingo na kifua mpaka nikaona haya, halafu haya ikaisha. Blauzi, sidiria na kanga niliyokuwa nayo tangu jana akavitia kwenye beseni, akanifunga kanga yake mwenyewe. Nikamwomba radhi kwa lile neno la mbuzi. Akasema mbuzi ni mnyama mzuri, ana adabu kuliko mimi.

Nikataka kumchukua mtoto mara moja. Akanizuia.

"Akiwa macho ni hakimu huyo, kesi yako ameshaikata. Ngoja asinzie. Mtoto akisinzia anasahau ubishi."

Ilikuwa saa saba mchana, bati linalia kwa jua. Akamfunga mgongoni akawa anazunguka uani, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, huku na huku, akimwimbia kwa Kishambaa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Mimi nililala ubavu kwenye mkeka kama alivyoniagiza. Nilikuwa nahesabu: jana moja, leo mbili, kesho. Nilisema bismillahi mara nyingi kuliko nilivyowahi kusema kwenye mtihani wowote.

Kichwa cha mtoto kikaanguka begani kwake. Akaja polepole, akamfungua, akamlaza mbele yangu. "Kamua tone," akanong'ona, "anuse maziwa kwanza." Nikakamua, nikampaka mtoto kwenye mdomo wa chini.

Akalamba, macho yamefumba. Akanusa kama mtoto wa paka. Kinywa kikafunguka kikanipata, akavuta mara moja, akasita. Akavuta ya pili. Ya tatu nikamsikia akimeza.

Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa, yakamdondokea kwenye sikio na shavu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Jana shubiri, leo chumvi," akasema. "Mjukuu wangu atakula lini chakula cha watu?"

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, tumbo likatikisika, na ziwa likamponyoka mtoto. Akafumbua macho. Hakuwa anasinzia tena, alikuwa macho kabisa, na alikuwa ananitazama. Sikusogea. Mama mkwe naye hakusogea. Nilimwona mtoto anaangalia uso wangu, madoa yote, kitambo kirefu.

Kisha akanyoosha mikono yake miwili, akalivuta ziwa mwenyewe.