Utitiri wa Nyoka wa Kaka Azzan

Kaka yangu Azzan ni fundi wa kufuli, na mtu wa kazi hiyo hana budi kuamini kwamba wezi wapo. Yeye amepitiliza. Kwake yeye watu ni wa aina mbili: wezi, na wezi ambao hawajapata nafasi. Duka lake liko chini ya nyumba yetu, kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe ambao vespa mbili hazipishani, na mimi, Tahiya, dada yake, nashona nguo ghorofa ya juu. Kila neno analolisema nalisikia, na mengi nisingependa kuyasikia.

Mkewe Asila aliondoka miaka sita iliyopita. Alikwenda harusini, akarudi akakuta kitasa cha mlango wa mbele kimebadilishwa, kwa sababu Azzan aliota kuwa ufunguo wao umechongwa nakala. Ilitokea mara tatu. Mara ya kwanza Asila alicheka. Mara ya pili alinuna. Mara ya tatu hata hodi hakupiga, aligeuza njia akaenda kwao na hakurudi tena. Azzan akanitazama na kusema, "Unaona? Nlijua tu huyu ataondoka." Nilitamani kumpiga kwa kiatu.

Azzan alinunua nyoka kwa sababu ya panya na kwa sababu ya binadamu. Panya walitafuna maboksi ya vitasa, na binadamu, kwa maelezo yake, walikuwa wakichungulia dirishani zaidi ya inavyohitajika. Chatu mdogo mmoja angemaliza mambo yote mawili. Aliomba kibali cha kumfuga, na alipokipata aliikagua mihuri kwa kioo cha kukuzia. Sikumwuliza nyoka aliyefungiwa sandukuni atakamata panya gani. Mtu akishajaa wasiwasi huwezi kumpigia hesabu.

Kwanza alikwenda Paje, kwa bwana mmoja anayewapigisha watalii picha na nyoka shingoni. Akakubaliana naye amchukue chatu kwa siku tatu za kumchunguza. Bwana yule alitaka kumpa mfuko, Azzan akakataa, akamtia nyoka katika kikapu chake mwenyewe cha ukili chenye kifuniko. "Mfuko wa mtu hujui umebeba nini," aliniambia. Siku zote tatu nyoka yule alijikunja ndani ya beseni lake la maji, hataki kutoka. Azzan akasema hii ni hila, anauziwa mgonjwa. Akamrudisha. Kwa hilo nakiri alikuwa na haki. Kikapu alikikung'uta mara moja mlangoni, akakitundika.

Wiki ile ile tukaelekezwa Unguja Ukuu, kwa mkulima aitwaye Simai, ambaye ana banda la chatu nyuma ya nyumba yake. Nilikwenda naye, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Azzan alimkagua nyoka macho, mdomo, tumbo na mkia, akamlaza juu ya karatasi nyeupe, akamfuta, akaitazama karatasi. Saa nzima. Dada yake Simai, Kazija, mjane wa makamo, alikuwa amekaa kizingitini anamenya muhogo, akauliza, "Bwana Azzan, unanunua nyoka au unamwoza binti yako?"

Kaka yangu hataniwi na mtu. Siku ile alicheka mpaka akakohoa. Tulikula kwao muhogo wa nazi, tukarudi mjini na chatu ndani ya kikapu kile kile, na njia nzima Azzan hakumtilia shaka mtu hata mmoja. Nyoka akamwita Askari.

Kesho yake aliniomba nimwokee Kazija mkate wa kumimina. Nikakifuta kikapu, nikatandika kitambaa, nikautia mkate, tukampa dereva wa njia ya kusini akipeleke. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia ndimu mbili. Mama yetu aligombana na jirani yake miaka mitatu, hawaamkiani, na bado sahani zilivuka ukuta zina pilipili ndani. Kikapu kikarudi na machungwa. Azzan akapeleka halua. Kikarudi na ndizi, na juu yake viazi vitamu ambavyo Azzan aliwahi kusema anavipenda. Kila kikirudi alikitundika kwenye msumari wake dukani, juu ya sanduku la Askari, akawa anakitazama huku anachonga funguo.

Mimi nikaanza kumtajia posa. Hakusema ndiyo, lakini hakusema la, na kwa Azzan hiyo ni ndiyo ya kupiga vigelegele. Miaka sita nilitaka kaka yangu apate mtu wa kula naye. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Nyoka hakunihusu.

Lakini nyoka aliharibu. Kabla kikapu hakijarudi hata mara ya kwanza kutoka kwa Kazija, Askari aliingia ndani ya beseni la maji akajikunja, kama yule wa Paje. Azzan akamtoa, na chini ya kidevu chake, na pembezoni mwa macho, kulikuwa na vidoti vyeusi vidogo kuliko mbegu za mchicha. Vilikuwa vinatembea. Ndani ya beseni vingine vilikuwa vimeshakufa maji.

Daktari wa mifugo alikuja, akainama, akasema, "Utitiri. Kuku wana wao, na nyoka wana wao." Makumbi ya nazi yaliyotandikwa sandukuni yatupwe, na kipande cha gogo pia. Sanduku lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kila ufa. Nyoka alowekwe kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, kichwa nje, kisha alazwe juu ya karatasi nyeupe ili mdudu akianguka aonekane. Siku chache baadaye yarudiwe yote, maana mayai yatakuwa yameanguliwa. Dawa ya mbu isisogezwe karibu. Mimi nikasema nina chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu, yameniponya goti.

"Bibi," daktari akasema, "ngozi ya nyoka si goti lako."

Azzan aliyafanya yote kama anavyofanya kazi yake, bila kuruka hata moja. Mchana alikaa na Askari ndani ya beseni, kamshika shingo kwa vidole viwili, anamwambia pole. Siku nane karatasi ilikuwa nyeupe. Yakaja machungwa, kikapu kikapanda msumarini, na baada ya siku nne vidoti vikarudi. Akaanza upya. Karatasi ikawa nyeupe tena. Zikaja ndizi, kikapu kikapanda msumarini, vidoti vikarudi.

Hapo kaka yangu akawa katika hali anayoijua vizuri kuliko zote. Kwanza alimshuku Bi Amne, jirani yetu, kwa sababu aliwahi kusema yule si nyoka bali ni jini. Akapanda juu ya paa lake kwenda kuwatazama kuku wake, bila kuomba ruhusa, na mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi. Halafu akamshuku dereva. Halafu nikamkuta anatazama kucha zangu.

"Na mie?" nikamwuliza.

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema, Kaka. Mie nikitaka kumuua nyoka wako ntamkanyaga, sina haja ya wadudu."

Mwisho akachukua kalenda ya ukutani, akatia alama siku za kikapu na siku za vidoti, na alama zikafuatana. Akanionesha kwa kidole kama hakimu. Kikapu kinafika, wadudu wanafuata. Wale wa mwanzo, akasema, aliuziwa nao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Wanataka nchoke, nimrudishe, wamuuze tena kwa mwengine."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mwanamke hawezi kukuchumia machungwa huku anakuhesabia utitiri. Nilimwambia habari za Asila, jambo ambalo huwa silisemi. Alikuwa ameshapiga simu, na kwa kuwa alitaka shahidi, aliweka spika.

"Waalaikumu ssalamu, Bwana Azzan," Kazija alijibu, sauti imejaa furaha. "Ndizi zimefika?"

"Zimefika. Na utitiri umefika."

"Utitiri gani?"

"Kila kikapu kikija kutoka kwenu, nyoka wangu anapata wadudu. Nshatia alama. Mtu akitaka nyoka wake arudi aseme, Bi Kazija, asinitilie wadudu chini ya ndizi."

Nilisikia jogoo wa kwao anawika.

"Chatu watatu wa kaka yangu wamelala majini tangu juzi," Kazija akasema taratibu. "Wana vidoti vyeusi, na Simai hajui wametoka wapi. Hapa hatukuwa na kitu hicho kabla yako, Bwana Azzan. Na ndizi zile nlizikata mwenyewe." Akakata simu.

"Umesikia?" Azzan akanigeukia. "Keshakiri kuwa wanao!"

Nilikasirika. Nikakivuta kikapu kutoka msumarini kabla hajakitia moto, nikapanda nacho juu, nikakiweka mezani karibu na kanzu ya bwana harusi niliyokuwa nashona, nyeupe pepe. Nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi, juu ya mkono wa kanzu kulikuwa na kidoti cheusi. Nilidhani ni uzi. Nikakipuliza, kikatembea. Nikakikung'uta kikapu juu ya kitambaa kile, na katika mikunjo ya ukili, pale chini kwenye mshono, wakaanguka kumi, ishirini, sikuendelea kuhesabu.

Nikaita kutoka juu ya ngazi. Azzan akaitika, "Naam," akapanda, akatazama, uso ukamng'aa.

"Sikukwambia? Umo humo humo!"

"Kikapu hiki cha nani, Kaka?"

"Changu."

"Kabla hakijambeba Askari, kilimbeba nani?"

Nikamkumbusha nyoka wa Paje, siku tatu ndani ya beseni, hataki kutoka. Nikamkumbusha jinsi alivyoukataa mfuko wa yule bwana kwa kuwa hujui umebeba nini. Kikapu kile aliingia nacho kwa Simai kwa mkono wake, akamtia humo nyoka mzima, kisha tukawa tunawapelekea wadudu pamoja na mkate wangu, mara baada ya mara, wao kwa wema wao wakaturudishia. Alishuku watu wote wa mtaa, alinishuku mimi, na chombo chake mwenyewe hakukiangalia hata siku moja.

Azzan alikaa kwenye kiti changu. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nimemwambia maneno gani yule mwanamke, Tahiya?"

Kazija hakupokea simu siku ile, wala kesho yake. Simai alipokea, akamsikiliza, akasema amesikia, basi. Azzan akamlipia daktari aende Unguja Ukuu akamfundishe Simai mambo ya karatasi nyeupe. Kikapu tulikichemsha kwenye sufuria ya pilau, kikakaa juani siku tano, tukakikung'uta mpaka mikono ikauma. Safi. Azzan akaandika barua mistari minne ya kuomba radhi, akatia halua ya lozi, na mwisho kabisa, nikiwa namtazama, akatia ufunguo.

"Ufunguo wa nini?"

"Wa mlango wa mbele."

"Wa nyumba ninayolala na mie?"

"Asila sikumwamini hata na ufunguo alioushika mkononi," akasema. "Sijui namna nyengine ya kumwambia huyu."

Nikakifunga kikapu mwenyewe.

Kikapu kilirudi baada ya wiki. Dereva alimkabidhi Azzan pale mlangoni, na nikaona kwa jinsi alivyokipokea kwamba ni chepesi. Akakiweka mezani, akatandika karatasi nyeupe, akakifungua, akakigeuza, akakikung'uta. Halikuanguka chungwa, wala ndimu, wala barua, wala mdudu. Mama yetu na jirani yake, katika miaka yao mitatu ya ugomvi, hawakuwahi kufanyiana hivyo.

"Karudisha kitupu," nikasema.

Azzan alikikung'uta tena, akapapasa kwenye mshono. "Ufunguo haumo," akasema.

Mwanamke ambaye Azzan alimtukana, na ambaye amenyamaza kimya, ana ufunguo wa nyumba yetu huko Unguja Ukuu, na haijulikani anafikiri nini. Namjua kaka yangu. Nilimwona anatupia jicho rafu ya vitasa vipya, na jioni ile bisibisi na nyundo zilikuwa zimepangwa mezani. Nilijifungia chumbani ili nisiione kazi hiyo ikifanyika mara nyengine.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Askari ametoka majini, ngozi inang'aa. Simu ya Unguja Ukuu haijalia. Jana, nikirudi kutoka sokoni, nilimkuta Azzan amechuchumaa mlangoni na kopo la mafuta, anakitia mafuta kitasa kile kile cha zamani, anaingiza ufunguo wake, anauzungusha, anautoa, anauingiza tena.

"Kilikuwa kizito kidogo," akasema bila kuniangalia. "Asije mtu akapata tabu."