Kihenge cha Jirani

Juzi hapa Kintinku bwana kilimo alipita kukagua kama tuna akiba ya kutuvusha ukame. Nikamfuata, maana umbea nao ni kazi.

"Mke wangu anasema mtama umeisha," jirani yangu akamwambia. Nje lilisubiri lori la mfanyabiashara, yule tuliyekuwa tukimwita mlanguzi. Jirani angeuza hata mbegu, ila kwetu mwanamume hachungulii kihenge cha mkewe.

Bwana kilimo akapanda kwenye ghala hilo la nafaka, mkono ukazama kwenye mtama hadi kiwiko. Mke akauma ncha ya khanga. Bwana kilimo akalitazama lori.

"Kitupu, mzee."

"Basi mwanamke huyu analisha ndege!" jirani akafoka.

Punje zilizonasa kwenye shati la bwana kilimo nilizipangusa mimi, kabla jirani hajaziona. Uongo wa serikali nimeusikia mwingi, lakini huu ndio wa kwanza utakaotulisha.